Punje ya Kwanza: Sukari, Mjomba na Kompyuta Yangu

Nimekuwa kimya kwa muda. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua na sikutaka kuliandika kabla sijalielewa vizuri. Leo nadhani nimelielewa kiasi cha kuweza kulieleza. Linahusu sukari, linahusu programu niliyoiandika vibaya, na linahusu mjomba wangu aliyepewa barua ya onyo kwa sababu ya programu hiyo. Katikati kuna fizikia kidogo. Msikimbie, hesabu yake ni ya kutoa na kuzidisha tu.

Kwa wale wasiopajua Muhoroni: ni mji mdogo mashariki ya Kisumu, kwenye reli ya kutoka Nakuru, chini ya milima ya Nandi. Huku maisha yanaendeshwa na miwa. Miwani, upande wa Kisumu, ndiko kilikoanzishwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya mwaka 1922. Viwanda vya Muhoroni na Chemelil vikafuata katika miaka ya 1960. Msimu wa kusaga ukiwa umechanganya, utaona matrekta yamepanga foleni na matela ya miwa, watoto wanachomoa mmoja mmoja kwa nyuma, na harufu ya molasi inakufuata hadi kitandani. Ukianika nguo nyeupe, masizi yatakukumbusha kwamba kiwanda kinafanya kazi.

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa sukari katika kiwanda kimoja cha ukanda huu. Sitakitaja jina, na usijaribu kubahatisha. Kazi ya mpishi wa sukari si kuchochea chungu. Watu wengi hudhani sukari hupatikana kwa kuchemsha maji ya miwa mpaka yakauke. Ukifanya hivyo utapata sukari nguru, donge la kahawia. Ni tamu kweli, lakini si ile ya punje punje unayotia kwenye chai. Ili upate punje safi, molekuli za sukari lazima zijipange zenyewe, moja juu ya nyingine, kwa mpangilio ule ule, wakati shira inayozizunguka bado ni majimaji. Mpangilio huo ndio fuwele.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya tangi kubwa la chuma lililofungwa, ambalo hewa yake hunyonywa. Hewa ikipungua, shira huchemka kwa nyuzi 65 hadi 70 hivi badala ya kupita 100, na sukari haiungui. Mbinu hii ilibuniwa na Mwingereza Edward Charles Howard mwanzoni mwa karne ya 19, na mpaka leo wazo ni lile lile. Mpishi anasimama mbele ya kidirisha cha kioo, anachota sampuli kwa fimbo maalumu, anaipaka kwenye kipande cha kioo, anaiinua kwenye mwanga. Anatafuta punje ya kwanza.

Na hapo ndipo hadithi yangu inapoanza.

Maji yana kiasi chake cha sukari yanachoweza kubeba. Kwenye nyuzi 20, kilo moja ya maji hubeba takriban kilo 2 za sukari. Kwenye nyuzi 70 hubeba zaidi ya kilo 3. Hapo tunasema maji yameshiba. Lakini ukiendelea kuyavukiza polepole, shira inaweza kubeba kuliko ilivyopaswa, bila hata punje moja kutokea. Imeshiba kupita kiasi. Wapishi wa sukari hupima hali hii kwa namba. 1.0 ni kushiba kamili. Kutoka hapo hadi karibu 1.2, punje zilizopo hukua, lakini mpya hazizaliwi. Kati ya 1.2 na 1.3, punje mpya huzaliwa pale ambapo tayari kuna nyingine. Kupita 1.3 hivi, zinazaliwa zenyewe, hata kama hakukuwa na kitu. Mipaka hii husogea kutegemea usafi wa shira, lakini vitabu vya sukari huitaja karibu hivyo.

Mimi ni mwandishi wa programu. Kiwanda kiliniita niunganishe vipimo vya tangi na kompyuta: kipima joto, na kipima Briksi, yaani katika kila gramu 100 za shira, gramu ngapi ni sukari. Kutokana na hivyo viwili nilipiga hesabu ya ile namba ya kushiba kila sekunde 10 na kuchora grafu. Wakafurahi. Wakaniambia niongeze ripoti ya kila zamu. Nikaongeza, na ndani yake nikaweka sharti moja rahisi sana:

kama namba imepita 1.30, na mpishi hajapunguza mvuke ndani ya dakika 5, andika kwa rangi nyekundu: OPERETA AMECHELEWA.

Nilidhani ni kazi safi. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba kwenye 1.3 punje huzaliwa. Kwa hiyo 1.30 ni mlango. Ukiufikia, punje zipo. Kama hujaziona, umelala.

Siku za kawaida sharti hilo halikuguswa, kwa sababu siku za kawaida mpishi hangoji punje zizaliwe. Anapanda mbegu. Mbegu ni sukari iliyosagwa laini kama vumbi ndani ya spiriti. Shira ikiwa kwenye eneo salama, chini ya pale punje mpya zinapozaliwa, unamimina kiasi kidogo, na kila chembe ya vumbi inakuwa punje. Unajua umetia ngapi, kwa hiyo unajua utavuna ngapi, za ukubwa gani.

Usiku mmoja mbegu ziliisha stoo. Mjomba akafanya kama walivyofanya wazee wake wa kazi: akavukiza shira akingoja punje zije zenyewe. Grafu yangu ikafika 1.30. Akachota sampuli, akatazama, hakuna kitu. Akangoja. Akachota tena, hakuna. Dakika 24 baada ya mstari wangu mwekundu, punje zikaja zote kwa mkupuo, ndogo ndogo kama unga, nyingi kupita kiasi. Punje za namna hiyo hugombania sukari ile ile na hakuna inayokua. Zikifika kwenye mashine za kuzungusha zinazotenganisha sukari na molasi, zinaziba matundu. Mpiko mzima ukabidi uyeyushwe na kupikwa upya. Asubuhi ripoti yangu ikatoka kwenye printa. Mstari mwekundu mmoja. Jioni mjomba akapewa barua.

Alikuja kwangu Jumapili, barua imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati.

"Okewa," akaniambia (ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita mtoto wa dada), "mashine yako imesema nilichelewa. Nilichelewa nini?"

Nikamfungulia grafu. Nikamwonyesha mstari wa 1.30 na saa yake.

"Na punje zilikuwepo saa hiyo?"

"Nera, hilo programu haijui. Inajua kipimo tu."

"Basi imejuaje kwamba nilichelewa?"

Sikuwa na jibu. Akanywa chai, akazungumza na watoto, akaondoka. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Usiku ule nikaamua kufanya kile ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kuandika lile sharti: kujua hasa punje ya kwanza inazaliwaje. Kwa kuwa siwezi kuona molekuli, nikaiga kwenye kompyuta.

Fikiria ubao wa drafti, lakini wenye vyumba 100 kwa 100. Kila chumba ama kina shira ya kawaida ama kina kipande cha fuwele. Kanuni ni mbili. Kwanza, kila chumba kikigeuka fuwele kinalipwa, kwa sababu shira imeshiba na sukari "inataka" kutoka. Pili, kila ukingo unaotenganisha fuwele na shira unatozwa, kwa sababu molekuli iliyo pembeni haina majirani wa kutosha wa kushikana nao. Basi. Hakuna kanuni ya tatu.

Kompyuta inachagua chumba kwa bahati nasibu na kuuliza: tukikigeuza, gharama inapungua au inaongezeka? Ikipungua, geuza. Ikiongezeka, rusha kete: mara chache geuza hata hivyo, na kadiri gharama inavyokuwa kubwa ndivyo bahati inavyokuwa ndogo. Kete hizo ndizo joto. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1953 na Nicholas Metropolis pamoja na Arianna na Marshall Rosenbluth, na Augusta na Edward Teller. Waliitumia kwenye kompyuta ya Los Alamos iliyoitwa MANIAC. Leo unaweza kuiandika kwa laini 40 na simu yako itaiendesha.

Sasa chukua kalamu. Tuseme ukingo mmoja unatozwa 2, na chumba kimoja kinalipwa 1. Fuwele ya mraba yenye upande wa vyumba 3 ina kingo 12 na vyumba 9. Deni lake ni 24 kutoa 9, yaani 15. Ukifanya hivyo kwa kila ukubwa unapata hivi:

upande 1: deni 7
upande 2: deni 12
upande 3: deni 15
upande 4: deni 16
upande 5: deni 15
upande 6: deni 12
upande 7: deni 7
upande 8: deni 0
upande 9: faida 9

Tazama hiyo orodha tena. Kila mtu anajua kwamba fuwele kubwa ina faida. Lakini huwezi kufika upande wa 9 bila kupitia 1, 2, 3 na 4, na njia hiyo yote ni ya kupanda mlima wa madeni. Kifuwele chenye upande wa 2 au 3 kinaelekea kuyeyuka kuliko kukua. Kikifika 4 kiko kileleni, kinaweza kuangukia upande wowote. Kikipita hapo, kinateremka mbio na hakuna wa kukizuia. Wanasayansi huita ukubwa ule wa kileleni kiini kihakiki. Wazo lenyewe linatokana na Josiah Willard Gibbs wa Marekani katika karne ya 19. Max Volmer na A. Weber wakalifanya nadharia ya kuzaliwa kwa chembe mwaka 1926, na Richard Becker na Werner Döring wakaiendeleza mwaka 1935.

Kwa hiyo shira iliyoshiba kupita kiasi haijatulia hata kidogo. Kila sehemu vifuwele vinazaliwa na kufa, vinazaliwa na kufa. Kwenye skrini yangu niliviona: vidoa vyeusi vinajitokeza, vinanenepa kidogo, vinapotea. Kisha mara moja kidoa kimoja hakipotei. Kinasitasita, kinakua, na ndani ya muda mfupi ubao wote umekuwa mweusi. Nakumbuka mara ya kwanza kilipotokea nilisimama kwenye kiti. Kisha stima ikapotea na nikapoteza kila kitu. (Ushauri wa bure: hifadhi hali ya programu yako kila baada ya dakika chache.)

Nikaendesha programu hiyo hiyo mara 20, kipimo kile kile, joto lile lile, nikibadilisha mwanzo wa kete tu. Mara nyingine fuwele ilianza kabla sijamaliza kikombe cha chai. Mara nyingine niliiacha usiku kucha, asubuhi bado vidoa vinazaliwa na kufa. Kungoja kwa namna hii kuna tabia ya ajabu: hakuna kumbukumbu. Kama wastani ni dakika 20, basi mara 37 katika 100 utangoja zaidi ya dakika 20, na mara 5 katika 100 utangoja zaidi ya saa nzima. Na ukiwa umekwisha kungoja nusu saa, hujakaribia. Unaanza upya.

Nikaruka kwa furaha. Mjomba hakuchelewa, kete zake zilikuwa mbaya! Nikachapisha picha 20, nikaenda kwake jioni ile ile.

Akazitazama zote, moja baada ya nyingine, kama anavyotazama sampuli. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ubao wako una vyumba vingapi?"

"Elfu 10."

"Na tangi langu lina molekuli ngapi?"

Nikacheka. Hazihesabiki.

"Basi kama kwenye ubao mdogo bahati ni moja, kwenye tangi bahati ni nyingi mno. Mahali pamoja pakikawia, pengine patawahi. Mimi nimengoja punje hivi tangu kabla hujazaliwa. Shira ikiwa ile ile, huja karibu saa ile ile. Hii yako ni nzuri, okewa, lakini siyo iliyonipata mimi."

Alikuwa sahihi kabisa, na alikuwa anavunja utetezi wake mwenyewe kwa kusema hivyo. Nilirudi nyumbani nimenywea. Bahati ya punje moja ni kubwa, lakini tangi lenye tani nyingi za shira linarusha kete mabilioni kwa mabilioni kila sekunde, na bahati inajisawazisha. Kitu kingine kilikawiza punje zile.

Niliporudi kwenye hesabu nikaona nilichokuwa nimekiruka. Rudi kwenye ubao. Punguza malipo ya chumba kutoka 1 hadi nusu, yaani shira isiyoshiba kwa kiasi kile cha mwanzo. Kilele kinahama kutoka upande wa 4 hadi wa 8, na urefu wa mlima unapanda kutoka 16 hadi 32. Kwenye ubao bapa, ukipunguza malipo kwa nusu mlima unakuwa mara mbili. Kwenye dunia yetu yenye kimo, unakuwa mara nne. Na muda wa kungoja hauongezeki kwa kujumlisha, unazidishwa. Mlima ukiongezeka kwa kipimo 1 cha nishati ya joto, subira inazidishwa kwa karibu 2.7. Ukiongezeka kwa 5, inazidishwa kwa karibu 150.

Sasa tumia namba zinazofanana na za tangi. Tuseme kwenye 1.30 mlima una urefu wa 40 kwa kipimo hicho cha joto. Ukifuata nadharia ile ya zamani, kwenye 1.28 una urefu wa 45 na kitu kidogo. Tofauti ya 5.2. Maana yake, kati ya 1.28 na 1.30, kasi ya kuzaliwa kwa punje inabadilika karibu mara 180!

Nilikaa nikiitazama hiyo 180 kwa muda mrefu. Kwenye grafu yangu 1.28 na 1.30 zimeshikana, huwezi hata kuzitenganisha kwa macho. Kwenye tangi, moja ni "hakuna kitu" na nyingine ni "mvua ya punje". Na je, ni kosa la kiasi gani kwenye kipima Briksi linaloleta tofauti ya 0.02? Kwenye shira ya Briksi 80 hivi, ni robo moja ya Briksi. Robo!

Asubuhi nikaomba daftari la maabara. Kila zamu maabara huchukua sampuli ya mkono na kuipima wenyewe. Nikalinganisha usiku ule na vipimo vyangu. Kipima changu kilikuwa juu kwa zaidi ya robo ya Briksi. Kioo chake ndani ya tangi kilikuwa kimeota ganda jembamba la sukari iliyokauka, na tangu nikifunge sikuwa nimewahi kuandika popote kwamba kisafishwe. Programu iliposema 1.30, shira ilikuwa bado haijafika. Mjomba alichota sampuli akaona hakuna punje kwa sababu hakukuwa na punje. Na shira ilipofika kweli, ilivuka kutoka "hakuna" hadi "kupita kiasi" kwa hatua ambayo hakuna mkono wa mtu ungeiwahi. Hiyo ndiyo sababu watu wa sukari waliacha kungoja na kuanza kupanda mbegu.

Kuna jambo lilinifariji katika kusoma kwangu. Wataalamu wakubwa wa kuiga kwa kompyuta walipiga mwamba ule ule. Uigaji wa kweli wa molekuli, unaofuata kila atomu, unasonga mbele kwa hatua za femtosekunde 2 hivi, yaani sekunde moja ikigawanywa kwa milioni bilioni, mara mbili. Tuseme una kompyuta inayomaliza nanosekunde 500 kwa siku. Milisekunde moja itakuchukua siku 2,000, zaidi ya miaka mitano. Dakika 24 za mjomba usizifikirie.

Mwaka 2002 Masakazu Matsumoto na wenzake huko Japani waliweza kuona barafu ikizaliwa kwenye maji ya kompyuta, kwa molekuli 512 tu, baada ya kungoja sana. Mwaka mmoja kabla, Stefan Auer na Daan Frenkel wa Uholanzi walichukua mfano rahisi kuliko yote, vijipira vigumu visivyovutana, wakakokotoa kasi ya kuzaliwa kwa fuwele, wakailinganisha na majaribio ya maabara. Zilipishana kwa mbali sana, si kwa asilimia bali kwa kuzidisha kwa kumi tena na tena. Ukishajua jinsi mlima unavyozidisha makosa, hushangai. Kosa dogo chini linakuwa kubwa mno juu.

Na walifanyaje ili wasingoje? Nilicheka nilipolisoma. Wanapanda mbegu! Mojawapo ya mbinu zao ni kuchonga kifuwele chenye ukubwa unaojulikana, kukiweka katikati ya majimaji ya kompyuta, na kutazama kama kinakua au kinayeyuka. Kikiyeyuka, unaweka kikubwa zaidi, mpaka upate ukubwa ulio kileleni kabisa. Watafiti wa Madrid walitumia njia hii kwa barafu mwaka 2013. Nilimsimulia mjomba. Akasema, "Kumbe nao zamu zao ni ndefu."

Kitu kingine alichonifundisha: ubao wangu hauna taka. Shira ya kweli ina gundi, ina vumbi, ina mapovu, ina kuta za chuma. Kingo nyingi za kujishikiza, kwa hiyo mlima unakuwa mfupi. Tena miwa ikikaa siku kadhaa baada ya kukatwa, bakteria huigeuza sehemu ya sukari kuwa utandu uitwao dekstrani, shira inakuwa nzito na punje zinarefuka kama sindano. Mjomba alikuwa akiitambua miwa iliyolala kwenye matela kwa kutazama kioo chake tu. Mimi nilikuwa nimeweka vyote hivyo ndani ya namba moja, 1.30, na kuipaka rangi nyekundu.

Nilimwandikia meneja kurasa mbili: daftari la maabara, kioo kichafu, hesabu ya 180, na sentensi iliyosema kosa ni langu. Tulienda pamoja, mjomba na mimi. Meneja alisoma, akauliza maswali ya maana. Barua haikuondolewa kwenye faili, alisema utaratibu hauruhusu, lakini kurasa zangu zilibanwa juu yake. Mjomba alistaafu akiwa na faili hilo, vyote viwili ndani. Nilitamani mwisho ulio bora kuliko huo.

Programu niliibadilisha siku ile ile. Mstari mwekundu niliufuta. Sasa skrini inasema "1.30, kosa linaweza kufika 0.03, tazama kioo." Kila zamu inamkumbusha fundi kuosha kipima na kulinganisha na maabara. Na niliongeza laini kumi ambazo zingetosha tangu mwanzo, zisizo na fizikia yoyote: mbegu zikibaki chache stoo, mtunza stoo anapata ujumbe.

Hilo ndilo lililonichelewesha kuandika. Nilitaka kompyuta inionyeshe punje ya kwanza, na ilinionyesha. Ila aliyejua kwamba programu haikuwa imeona kitu ni yule aliyesimama mbele ya kidirisha.

Ile programu ya ubao bado iko kwenye kompyuta yangu. Mjomba akija huwa anaomba aione. Anavuta kiti, anabonyeza kitufe mwenyewe, anavitazama vidoa vikizaliwa na kufa, na mara nyingi anajua kabla yangu ni kipi hakitapotea.

Haya, chai imepoa na stima inachezacheza. Tukijaaliwa, tutaonana tena.